Baada ya kuuguza: jinsi ya kufunga zamu na kuanza siku zako upya

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekuwa akimuuguza wa kwake nyumbani bila mshahara, na sasa shughuli hiyo imekwisha. Pengine mgonjwa amefariki. Pengine amehamia kwenye makao ya wazee, au amepona, au ndugu mwingine amemchukua. Kwa vyovyote vile, siku hiyo mambo mawili yamekwisha kwa mpigo: uhusiano jinsi ulivyokuwa, na kazi. Kwa la kwanza watu watakupa pole. La pili hakuna anayelitaja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliita kazi, ingawa ndilo lililokuwa likikuamsha usiku na kuamua kama leo unaweza kutoka nje au la.

Mwaka 2003, Richard Schulz na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine utafiti kuhusu watu 217 waliowahudumia ndugu zao wenye dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, mpaka mwisho. Zaidi ya nusu walisema walijihisi wako zamu saa 24 kwa siku. Zamu ya namna hiyo haiishi eti kwa sababu mgonjwa hayupo tena. Mwili unaendelea nayo. Ndiyo maana nitakushauri kitu ambacho huenda kikapingana na jamaa wanaokuhimiza "sasa fanya mambo yako": funga zamu kwanza, kwa utaratibu, ndipo uanze kufikiria cha kuweka mahali pake.

Hatua ya 1: Zima kengele, rudisha vitu

Anza na simu yako. Ukifungua orodha ya kengele utaikuta ya saa 12 asubuhi ya dawa ya presha, ya saa 8 mchana ya kumgeuza upande, na ya saa 4 usiku ya dawa ya mwisho. Ukiziacha zitalia kesho, na utashtukia umeshashika glasi ya maji mlangoni pa chumba chake. Ukizifuta zote kwa siku moja, mchana unakuwa mrefu usio na pa kushika. Mimi naona njia nzuri ni kubakiza mbili na kuzibadilisha majina. Ya asubuhi iwe ya kuamka na kutoka nje. Ya usiku iwe ya kuzima taa. Zilizobaki futa.

Kisha andika kila huduma iliyokuwa ikija kwa jina la mgonjwa: miadi ya kliniki, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dawa na nepi za kila mwezi, usafiri wa kwenda hospitali. Kila moja inahitaji simu ya kuisimamisha. Kazi hii mpe yule jamaa anayesema "niambie tu nikusaidie nini". Mpe karatasi yenye namba, apige yeye. Kliniki isiyo na habari itapiga kuuliza mbona mgonjwa hakufika, na simu hiyo ina tabia ya kuja siku uliyoamka ukiwa na nafuu.

Dawa zina masharti yake. Usimpe jirani mwenye ugonjwa unaofanana, hata kama ziligharimu pesa nyingi, maana dozi ile ilipimwa kwa mwili mmoja. Zirudishe kwenye duka la dawa au hospitali, ukianza na zile kali za maumivu, mofini na jamii yake. Vibandiko vya fentanili, dawa kali ya maumivu inayobandikwa kwenye ngozi, hubaki na dawa ya kutosha kumdhuru mtoto hata vikishatumika, kwa hiyo vikunje upande wa gundi ukiwa ndani kabla ya kuvirudisha. Sindano zilizotumika zikae kwenye chombo kigumu chenye mfuniko. Tena, zile dawa za usingizi zilizobaki kwenye droo si zako. Zitakuvutia ndani ya wiki ya kwanza. Ziondoke pamoja na nyingine.

Vifaa vya kuazima, kama kitanda cha hospitali, kiti cha magurudumu au mashine ya oksijeni, virudi vilikotoka, nawe upewe karatasi ya kuonyesha vimepokelewa. Kuhusu kitanda nina msimamo: kama kilikuwa sebuleni, kiondoe mapema kuliko nguo. Nguo zinaweza kukaa kabatini mwaka mzima bila kumsumbua mtu. Kitanda kinaikalia nyumba yote, kila anayepita anakipisha. Kikishatoka, sogeza kiti cha kawaida pale pale kilipokuwa, ukikalie kidogo siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Tenga fedha zake na zako

Kama mgonjwa amefariki, hati iliyokuruhusu kutia saini kwa niaba yake kwa kawaida huisha nguvu siku anayofariki. Kuanzia hapo mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi, awe ni wewe au mwingine. Watu wengi hawalijui hili. Mtu anakwenda na kadi ya marehemu na namba ya siri aliyoizoea, anatoa pesa za mazishi kwa nia njema kabisa, halafu miezi michache baadaye anatakiwa kujieleza mbele ya ndugu au mahakama. Tumia fedha nyingine, weka risiti, kisha dai kwenye mirathi.

Madeni nayo kwa kawaida hulipwa kutoka katika mali aliyoacha marehemu. Hugeuki mdaiwa kwa sababu ndiwe uliyekuwa ukipokea simu za wanaodai. Hali ni tofauti kama mlikopa pamoja au ulimdhamini. Mdai akipiga, mwambie aandike barua kwa msimamizi wa mirathi, na usiahidi chochote kwenye simu. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo kabla ya kulipa hata senti, muulize mwanasheria au kituo cha msaada wa sheria.

Ulizia pia haki zako wewe uliyeuguza. Nchini Uingereza, posho ya mlezi huweza kuendelea kulipwa hadi wiki 8 baada ya mgonjwa kufariki, na tangu mwaka 2010 kuna utaratibu wa kumhesabia mlezi michango ya pensheni kwa muda aliokuwa akihudumu. Ujerumani, tangu bima ya utunzaji ilipoanzishwa mwaka 1995, mlezi wa nyumbani anayetimiza masharti hulipiwa michango ya pensheni. Nchi nyingine hazina kitu cha namna hiyo. Hata hivyo swali la kuuliza kwenye mfuko wako wa hifadhi ya jamii ni lile lile: miaka hii isiyo na michango inahesabiwaje, na naweza kuiziba kwa kulipa mwenyewe?

Jambo zito zaidi ni nyumba. Waliohamia kwa mzazi ili wamuuguze mara nyingi wanagundua kwamba kazi ilipokwisha, na paa nalo limeingia kwenye hesabu za urithi. Usihame kwa kuona aibu, wala usitie saini karatasi yoyote ya kuuza au kugawa katika wiki za mwanzo. Omba kwa maandishi muda maalumu wa kukaa, tuseme miezi sita, wakati mirathi inashughulikiwa.

Hatua ya 3: Upeleke mwili wako kwa daktari

Ulipokuwa ukiuguza, miadi yako ndiyo iliyokuwa ikiahirishwa. Sasa nenda. Mwambie daktari waziwazi kwamba umetoka kuuguza mgonjwa kwa muda mrefu, kwani bila kulijua hilo atatazama lile unalolalamikia tu. Pima presha na sukari, macho na meno, pamoja na vipimo vya saratani vinavyopendekezwa kwa umri na jinsia yako. Mgongo, mabega na viganja vya mikono utaje kila kimoja, maana kumnyanyua mtu mzima kutoka kitandani kila siku ni kazi ya kubeba mizigo. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1999, wa Schulz na Scott Beach, ulifuatilia wazee kwa miaka minne. Waliokuwa wakiwahudumia wenzi wao huku wakielemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasiokuwa na kazi hiyo. Si habari ya kukutisha. Ni sababu ya kutosha ya kutoahirisha miadi mara nyingine.

Usingizi ndio utakaokusumbua zaidi. Sikio lilijifunza kulala nusu, likisubiri kikohozi au jina lako likiitwa. Sasa kimya chenyewe ndicho kinachokuamsha, saa tisa usiku, moyo ukidunda. Kuna mbinu iliyoanzia kwa mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972, na mpaka leo iko katikati ya tiba ya usingizi isiyotumia vidonge: panda kitandani ukiwa na usingizi tu, usingizi usipokuja kwa kama dakika 20, ondoka kitandani, kaa mahali penye mwanga hafifu na ufanye jambo la kuchosha, urudi usingizi ukija. Usikodolee saa. Asubuhi amka wakati ule ule hata kama usiku ulikuwa mbaya. Wiki ya kwanza utachoka zaidi, na hapo ndipo wengi wanaacha. Vumilia wiki chache. Ikishindikana, mwulize daktari kuhusu tiba kamili ya aina hii, ambayo tangu mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa Marekani, American College of Physicians, kinaipendekeza iwe ya kwanza kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi, kabla ya dawa.

Kuhusu mazoezi sitasema mengi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani. Wewe anza na kutembea dakika kumi, bila simu mkononi ukiweza, ili mwili uzoee kwamba hakuna atakayeita.

Hatua ya 4: Ahueni na majuto, vyote vina nafasi

Hapa ndipo watu hukaa kimya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika utafiti ule wa mwaka 2003, asilimia 72 ya waliofiwa walisema kifo kilikuwa ahueni kwao wenyewe, na zaidi ya asilimia 90 waliamini kilikuwa ahueni kwa mgonjwa. Dalili za sonona, yaani huzuni ya kiugonjwa, zilipungua ndani ya miezi mitatu, na baada ya mwaka zilikuwa chini sana kuliko walipokuwa bado wanauguza. Nakupa tarakimu hizi kwa sababu moja: kama usiku wa kwanza ulivuta pumzi ndefu na kusema moyoni "basi, imekwisha", wewe ni mtu wa kawaida kabisa. Ahueni ile ni ya mtu aliyetua mzigo. Haipimi ulimpenda kiasi gani.

Kwa aliyemuuguza mtu wa dimenshia au kiharusi kikali, huzuni ilikwishaanza zamani, siku mgonjwa alipoacha kumtambua. Pauline Boss, mtaalamu wa familia nchini Marekani, amechunguza tangu miaka ya 1970 aina hii ya kupoteza, ambapo mtu yupo kwa mwili ila kwa akili hayupo. Kwa hiyo usishangae machozi yakikauka msibani wakati waliokuwa mbali wanalia kwa sauti. Wewe ulilia kwa awamu.

Ila majuto yana ukaidi wake. Yanakuja kama maswali: mbona sikumpeleka mapema? Kwa nini siku ile nilimfokea? Je, ningekataa ule upasuaji? Kuyasukuma hakusaidii, na kuambiwa "ulifanya vyema" na mtu asiyekuwapo hakusaidii pia. Jaribu hivi. Chukua daftari, gawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja andika uamuzi unaokusumbua. Upande wa pili andika ulichokuwa unakijua siku ile, saa ngapi ulikuwa umelala, na nani mwingine alikuwapo wa kukusaidia kuamua. Usiandike unachokijua leo. Maswali ya kitabibu yatakayobaki, mpelekee daktari aliyemtibu. Omba dakika 15 za kuuliza, na uende na karatasi. Wengi wanaopata jibu la moja kwa moja, hata lisilopendeza, hupumua. Kuhusu kufoka: ulifoka. Mtu asiyelala miezi hufoka. Liandike hilo pia, na chini yake uandike ulichofanya asubuhi iliyofuata.

Usijilazimishe kulia kila siku wala kujikaza kila siku. Watafiti wa Uholanzi Margaret Stroebe na Henk Schut, mwaka 1999, walieleza kwamba mfiwa huyumba kati ya pande mbili, leo yuko kwenye msiba wenyewe, kesho yuko kwenye kupanga maisha, na kwamba kuyumba huko ndiko kunakomvusha. Ukicheka mchana na usiku ukashindwa kula, hujarudi nyuma.

Nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili ikiwa uchungu haujalegea na unakuzuia kuishi. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unataja huzuni ya muda mrefu kama tatizo la kutibiwa ikipita miezi 6. Wataalamu wa Marekani, tangu mwaka 2022, wanaweka miezi 12 kwa watu wazima. Lakini ukianza kuwaza kujidhuru, au kuona bora ungelimfuata, hakuna kusubiri mwezi hata mmoja. Mwambie mtu leo, na uende hospitali.

Hatua ya 5: Ipe siku mihimili michache

Mary Larkin, mtafiti wa Uingereza, aliandika mwaka 2009 kuhusu watu waliomaliza kuuguza, akaeleza kwamba hupitia kwanza kipindi cha utupu, kisha kufunga shughuli za ulezi, ndipo kujenga maisha mengine. Utupu huo una sura ya kawaida mno. Ni saa 4 asubuhi, vyombo vimeoshwa, hakuna anayehitaji kitu. Unasimama katikati ya chumba hujui ulikuja kuchukua nini.

Kosa la kawaida hapa ni kujaza haraka: kujiandikisha masomo, kuhamia mji mwingine, kukubali kila mwaliko, kuanza ujenzi. Jamaa watakusifu. Nashauri usiamue jambo kubwa lisilorudishika kabla ya miezi sita kupita, isipokuwa umaskini au sheria vikulazimishe. Badala yake weka mihimili mitatu kwa siku: jambo moja la mwili, jambo moja la nyumba au karatasi, na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Siku nyingine hutaimaliza yote mitatu.

Marafiki ni mtihani. Uliwakatalia mialiko mpaka wakaacha kualika, na sasa unaona haya kupiga. Usianze kwa maelezo marefu. Ujumbe mfupi unatosha: "Habari za siku nyingi? Nilikuwa namuuguza mzee, sasa nina nafasi. Jumamosi tutembee kidogo?" Asiyejibu mwache, mtafute wa pili. Wale mliojuana kwenye benchi la kliniki nao usiwatupe. Baadhi yao wamekuwa marafiki wa kweli, na ndio pekee ambao hutalazimika kuwaeleza mpira wa mkojo ni nini.

Mambo uliyoyapenda zamani huenda yasikupendeze tena. Yape nafasi mara moja moja, yakigoma yaache.

Hatua ya 6: Zungumza na ndugu kabla hamjagawana kitu

Hasira dhidi ya ndugu waliokuwa wakija kusalimia na kuondoka mara nyingi haichomozi wakati wa kuuguza, maana huna muda. Inakuja baadaye, na inapenda kuchomoza kwenye kikao cha mirathi, juu ya kabati au saa ya ukutani. Ikikukuta, tenganisha madai mawili. Dai la fedha (ulilipia nini mfukoni, uliacha mshahara kiasi gani) lipeleke kwa karatasi na risiti, kwa msimamizi wa mirathi. Dai la moyo lipeleke kwa mhusika, mkiwa wawili, siku nyingine kabisa.

Kwenye dai la moyo, taja tukio moja tu. "Kaka, ile wiki baba alipolazwa nilikupigia mara nyingi hukupokea. Nilikuwa peke yangu, na mpaka leo linaniuma." Halafu nyamaza. Akisema "hukuniambia kama ilikuwa nzito hivyo", usikimbilie kubisha. Pengine anasema kweli, kwa kuwa wauguzaji wengi tulizoea kujibu "tunaendelea vizuri". Pengine anakwepa. Kuna ndugu hamtapatana juu ya hili, na unaweza kuishi na hilo bila kukata undugu.

Hatua ya 7: Kurudi kwenye kazi ya mshahara

Miaka uliyouguza usiiache tupu kwenye wasifu wa kazi. Mwajiri akiona pengo hubuni sababu yake mwenyewe. Iandike kama kazi nyingine, kwa mistari miwili hivi:

"2021–2025: Mwangalizi mkuu wa mzazi aliyepooza. Nilisimamia ratiba ya dawa, miadi ya kliniki kadhaa, bajeti ya matibabu, na wasaidizi wa zamu nyumbani."

Usijiite muuguzi kama hukusomea, kwani hiyo ni taaluma yenye usajili. Usitaje pia undani wa ugonjwa. Siri ya mgonjwa haikuisha na kifo chake. Kwenye usaili jibu fupi ndilo zuri: "Nilikuwa namuuguza mama. Jukumu hilo limekwisha, naweza kuanza kazi kwa saa kamili." Kisha rudisha mazungumzo kwenye kazi. Ukiendelea kueleza, utajikuta unalia mbele ya watu usiowajua, nao hawatajua wafanye nini.

Kama taaluma yako ina leseni, angalia kwanza kama imeisha muda na kinachotakiwa kuihuisha. Ukiweza, rudi kwa nusu siku au kwa mkataba mfupi, kwa sababu utachoka kwa namna usiyoitarajia: kukaa na watu wazima wenye afya saa nane mfululizo nako kunahitaji mazoezi.

Wengi hushauriwa kuajiriwa katika utunzaji wa wagonjwa kwa kuwa "unaijua kazi". Wapo wanaoipenda na inawafaa. Lakini ukiona unaikubali wiki ya tatu baada ya mazishi, jiulize kama unataka kazi au unataka zamu ile irudi.

Kama mgonjwa wako yu hai

Akiwa amehamia kwenye makao, usitarajie ahueni ile ile. Utafiti mwingine wa Schulz na wenzake, wa mwaka 2004, ulikuta kwamba waliowapeleka wagonjwa wao kwenye makao walikuwa na sonona na wasiwasi kwa kiwango kile kile cha walipokuwa nao nyumbani. Zamu inakufuata: unatembelea kila siku, unakagua shuka, unagombana na wahudumu juu ya soksi. Punguza kwa makubaliano. Chagua siku maalumu za kwenda, mpe mhudumu mkuu karatasi moja yenye mambo ambayo wewe pekee unayajua (anapenda kuitwa nani, maji ya kuoga ya namna gani, nini humtuliza usiku), na mkubaliane wakupigie kwa mambo gani. Ukienda, nenda kama mtoto wake au mwenzi wake. Soksi waachie.

Akiwa amepona, hatari ni kuendelea kumtendea kama mgonjwa. Akifunga vifungo vya shati taratibu, mikono yako ikae mfukoni.

Hatua ya 8: Mgonjwa anayefuata

Simu itakuja. "Dada, si wewe ndiye unayejua mambo ya wagonjwa? Shangazi ametoka hospitali, tumeona akae kwako." Umeona hilo "tumeona"? Kikao kimeshafanyika bila wewe. Kila mwenye uzoefu wa kuuguza huonekana kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo, na chumba kilichobaki wazi huonekana kama kinasubiri.

Andaa jibu kabla simu haijaja, uliandike, kwa kuwa papo kwa papo mazoea yatakujibia. Mfano: "Poleni sana. Siwezi kumpokea kwangu mwaka huu. Ninachoweza ni kumpeleka kliniki mara moja kwa mwezi, na kumfundisha atakayekaa naye namna ya kumgeuza na kumwogesha." Taja unachoweza kwa kipimo, mara ngapi na kwa muda gani, na usitoe sababu zaidi ya moja, kwa maana kila sababu unayoitoa watakuletea dawa yake. Wakikununia, piga wiki inayofuata kumjulia hali mgonjwa, kama kawaida.

Na kama utakubali, kwa hiari yako, basi kabla mgonjwa hajafika mlangoni ziandikwe zamu: nani analala naye usiku gani, nani analipa nini, na lini mtakaa tena kutazama kama mpango bado unafaa. Karatasi hiyo isainiwe na wote waliokuwa kwenye kikao cha kwanza.